Wimbo wa Kuvutia Mashua

Jumapili, 2 Februari

Mjomba mpendwa,

Shikamoo. Huku sisi wazima. Mama anakusalimu na anasema koti lako la mvua bado analo, asije mtu akamwita mwizi.

Nimekupigia simu mara nne mwezi uliopita. Kila mara anapokea dada, huyo binti yako, na kila mara ananiambia uko bafuni. Mjomba, hata samaki hakai majini hivyo. Basi nimeona niandike, labda barua utaisoma ukiwa humo humo.

Nina habari, na nilitaka uisikie kwangu kabla hujaisikia kwa watu. Tangu ulipohamia kwa dada, huko mbali na bahari, kikundi chetu kimekuwa kama kinywa kilichong'oka meno ya mbele. Tumebaki saba. Jumamosi tunakutana kwenye stoo ya kamba, tunaimba nyimbo mbili tatu za mabaharia, kila mtu anamtazama mwenzake aongoze, kisha tunaishia kuzungumzia magoti. Wiki iliyopita Mpimaji, yule bwana wa mzani wa malori mwenye sauti nzito, alisema, "Aongoze Cheche. Anachomelea vyuma kutwa katikati ya makelele, na bado akiomba maji tunamsikia huku getini." Watu wakacheka, halafu wakanitazama. Nikasema ndiyo kabla sijafikiri.

Na si kuongoza kwa mchezo. Mwezi wa saba vikundi vya nyimbo za baharini kutoka bandari tano vinakutana hapa kwetu. Siku ya mwisho vyote vitashika kamba moja na kuivuta mashua ya zamani ya rubani wa meli kutoka majini hadi juu ya mteremko wa saruji. Kwa mikono, bila mashine ya winchi, kwa nyimbo tu, kama mlivyokuwa mkifanya. Tani nne. Matobo ya tumbo lake nimeyaziba mwenyewe, kwa hiyo najua ninachosema.

Naomba maneno ya wimbo wa kofia, yote. Sisi tunakumbuka beti mbili, na kuanzia wa tatu kila mtu anaimba cha kwake. Naomba pia uniambie ulikuwa unafanyaje. Nimekusikiliza tangu mtoto, nimekaa juu ya marundo ya kamba, lakini kusikiliza si kujua.

Mpwa wako,
Cheche


Jumamosi, 15 Februari

Cheche, mtoto wa dada yangu,

Marahaba. Mwambie mama yako koti namwachia, limemkaa vizuri kuliko lilivyonikaa mimi.

Simu yangu ina matatizo, wala usijisumbue nayo. Barua ni bora. Wimbo ukiandikwa unakaa mahali pake, na mtu akiusahau anarudi kuusoma bila kumwamsha mzee wa watu.

Habari yako nimeisoma nimesimama. Sauti yako naijua. Ulipokuwa na miaka sita ulimwita paka wenu kutoka dirisha la ghorofa ya pili, wakaja paka watatu, na wote hawakuwa wenu. Mpimaji hakukosea.

Sasa sikiliza. Wimbo wa kuvutia si wa kusikilizwa. Ni chombo cha kazi kama nyundo. Kiongozi anatupa mstari, watu wanavuta pumzi ndani yake, kisha wanajibu "lete", na kwenye hilo "lete" ndipo mgongo unapofanya kazi. Ukiimba vizuri mno watakusikiliza wewe, na mashua itabaki majini.

Aliyenifundisha mimi alikuwa mpaka rangi wa meli, mtu mfupi mwenye kigugumizi. Salamu yake ya asubuhi ilikufikia saa sita mchana. Lakini akipanda juu ya pipa na kuanza wimbo, hakukwama hata kwenye silabi moja. Niliwahi kuona watu thelathini waliochoka hadi wanatetemeka wakimsikia yeye, wakainuka kama waliolala usiku mzima. Nilisema moyoni, hicho ndicho ninachokitaka duniani. Nilikuwa na miaka kumi na tisa.

Maneno ni haya:

Kofia ya nahodha iko wapi?
   Lete
Upepo uliomba, akaupa.
   Lete
Kaivaa samaki harusini.
   Lete
Nahodha kaalikwa, kichwa wazi.
   Haya, lete

Bibi harusi kacheka, meno nje.
   Lete
Papa ndiye shahidi, kanuna.
   Lete
Zawadi ya nahodha ni wembe.
   Lete
Bwana harusi pweza, ndevu nane.
   Haya, lete

Ziko beti nyingine sita nyuma ya karatasi hii. Ile "haya" ya mwisho ishikilie kwa hesabu nne. Ndefu, hadi watu waone utakufa. Ndipo waangushe "lete". Hapo ndipo wimbo unapokaa.

Mimi niko salama. Nakunywa chai ya vuguvugu, nasoma magazeti ya juzi.

Mjomba wako,
Baragumu


Jumapili, 9 Machi

Mjomba mpendwa,

Shikamoo. Barua yako niliisoma kwa sauti pale stoo. Nilipofika kwa yule mpaka rangi, Mpishi alitoa kitambaa akajifuta macho, akadai ni vumbi la katani. Unamkumbuka Mpishi, aliyepika melini miaka ishirini na kitu. Bado anaimba ile sauti ya juu iliyo nyembamba kama uzi, na bado anasahau maneno.

Ningependa uwaone, Mjomba. Ukiwakuta barabarani ni wazee wanaotafuta kivuli. Wakishika kamba, wanabadilika. Mpimaji anaanza chini kabisa, mtu anaisikia kwenye soli za viatu kabla ya masikio. Juzi mafundi wa karakana yetu walizima mashine wakaja mlangoni na vinyago vyao vya kuchomelea vichwani. Walisimama hadi mwisho. Hakuna aliyepiga makofi. Mmoja aliuliza tu kama anaweza kushika kamba naye, na wenzake watatu wakamfuata. Sasa tuko kumi na mmoja.

Nina maombi matatu. La kwanza, ile "haya". Juzi nilimwachia Mpimaji aongoze, mimi nikashika kamba nijaribu. Hesabu nne ni ndefu, mikono inateleza. Nimeifanya mbili. Naomba ruhusa yako.

La pili, ule wimbo wa taratibu wa kung'olea nanga. Sehemu yake ya pili hakuna anayeikumbuka. Nirekodie kwenye simu ya dada, hata nusu dakika tu ya kuguna inatosha.

La tatu ndilo kubwa. Njoo mwezi wa saba. Simama wewe uimbe wa kwanza, mimi nitakufuata. Watu wa bandari nyingine wanaulizia jina lako. Yuko bwana mmoja kaandika kwamba alikusikia mara moja tu akiwa kijana, na hajawahi kukusahau.

Mpwa wako,
Cheche


Jumamosi, 22 Machi

Cheche,

Marahaba.

Usiikate "haya". Hesabu nne. Niliimba hivyo miaka ishirini na tisa na hakuna aliyelalamika.

Sehemu ya pili ya wimbo wa nanga waulize waliokuwepo.

Sitakuja. Nina mambo mengi huku.

Wasalimie.

Baragumu


Jumapili, 20 Aprili

Mjomba,

Shikamoo. Nimechelewa kujibu kwa sababu barua nilizoandika kwanza nilizichana.

Barua yako fupi niliificha, lakini Mpimaji aliniuliza kila Jumamosi, "Baragumu kasema nini?" hadi nikamwonyesha. Aliisoma, akaikunja vizuri, akasema, "Mwanangu, usimlaumu. Wa enzi zetu hatukuzoea kuongozwa na mwanamke. Hawezi kukwambia usoni, ndiyo maana anakupa mgongo."

Nilibisha. Nikamwambia mjomba wangu ndiye aliyenishika mkono kunipeleka kujifunza kuchomelea, mama alipokuwa akilia kwamba nitaungua. Lakini nilipofika nyumbani nikaanza kuhesabu. Simu hupokei. Kuja hutaki. Nusu dakika ya kuguna imekushinda. Ungeniambia tu ukweli, ningeumia mara moja nikapona.

Jumamosi ijayo namwachia Mpimaji nafasi. Maneno ya beti nimeyanakili vizuri, hayatapotea.

Asante kwa yote.

Mpwa wako


Ijumaa, 2 Mei

Mdogo wangu Cheche,

Ni mimi, dada yako wa duka la dawa, niliyekudanganya habari za bafuni. Baba hajui kama naandika. Nimejificha nyuma ya kaunta kama mwizi wa vidonge.

Baba hana sauti. Si kwamba imekwaruza. Hana kabisa. Mwaka jana mwezi wa nne walimkuta na uvimbe kooni, wakaondoa kisanduku chote cha sauti. Anapumua kwa tundu lililo chini ya shingo, analifunika na skafu. Akitaka kitu anaandika kwenye daftari dogo. Daktari alisema alifika mapema na ugonjwa umekwisha, nasi tunashukuru. Lakini aliniapisha nisimwambie mtu yeyote wa bandarini, hata shangazi, hata wewe. Aliandika, "Waache wabaki na ile waliyoisikia."

Ulipoandika kwamba watu wanaulizia jina lake, hakula chakula cha jioni. Ile barua fupi aliiandika asubuhi yake. Hii yako ya mwisho ameisoma mara tatu, akatoka, akakaa kwenye kreti nyuma ya duka hadi nilipofunga. Hajajibu kwa sababu hajui pa kuanzia.

Habari ya mwanamke na mwanamume haimo kabisa, mdogo wangu. Mteja akija tu hapa, baba anamwandikia daftarini: "Mpwa wangu anaongoza." Hata wanaokuja kununua dawa ya kuhara wanajua kwamba unaongoza.

Jambo la mwisho. Ulipoomba sehemu ya pili ya wimbo wa nanga, alichukua chupa sita tupu za dawa ya kikohozi, akazitia maji, moja nyingi, nyingine kidogo, akazigonga kwa kijiko siku nne hadi akaupata. Kila chupa aliipa namba. Aliandika wimbo wote kwa namba, halafu akaukunja akautupa. Nimeutoa kwenye pipa, nimeupiga pasi, nauambatanisha. Na namna ya kutia maji kwenye chupa nimekuandikia pembeni.

Usijiuzulu. Na tafadhali usiniuze.

Dada yako


Jumapili, 11 Mei

Mjomba mpendwa,

Shikamoo. Naomba radhi kwa barua yangu iliyopita. Niliiandika nikiwa na hasira, na hasira haijui kuandika. Sijamwachia Mpimaji nafasi. Nilimwambia kwamba ile habari ya wanaume wa enzi zenu aliitoa kichwani mwake mwenyewe, akae nayo. Alikiri kwamba kweli ilikuwa yake. Kisha akaomba nianzishe wimbo.

Sehemu ya pili ya wimbo wa nanga tumeipata. Mpishi kaikumbuka. Mjomba, ni nzuri kiasi kwamba tulipoimaliza mara ya kwanza tuliianza tena hapo hapo. Inapanda pale mtu anapodhani itashuka.

Kuhusu mwezi wa saba, sitakuomba uimbe. Waimbaji watakuwa zaidi ya arobaini, wimbo hautapungua. Nakuomba uje tu uwepo. Nikiwa na wewe pale nitajua mashua inasogea kweli au tunapiga kelele.

Dada naye aje, apumzike mbali na wagonjwa.

Mpwa wako,
Cheche


Jumamosi, 24 Mei

Cheche, mtoto wa dada yangu,

Marahaba.

Mpishi hawezi kuwa ameikumbuka. Huyo bwana alikuwa akisahau chumvi melini, nayo ni kazi aliyolipwa kuifanya. Kuna mtu humu ndani kafukua pipa langu la taka. Nimemuuliza binti yangu, akasema hajui, huku masikio yamemsimama. Kisha akalia. Basi najua kwamba unajua, na sina hasira. Kuficha kitu kama hiki kunachosha kuliko kukibeba.

Nataka nikueleze mwenyewe. Watu waliponipa jina la Baragumu nilikuwa kijana. Miaka ikaenda, wakaacha kuniita jina la nyumbani, hadi hundi ya kiinua mgongo nusura iandikwe hivyo. Siku nilipozinduka hospitali nikafungua kinywa kuomba maji, ikatoka pumzi tu kwenye shingo, nilijiuliza: sasa huyu aliyelala hapa ni nani? Nikaona bora nikae mbali, mbele ya watu niendelee kuwa yule wa zamani. Mnaposimulia habari zangu huko bado naimba. Nikija nitanyamaza mbele yenu wote.

Sasa lile la Mpimaji. Lilinichoma kwa sababu lilikuwa karibu na kweli bila kuwa kweli. Sikuchukia kwamba amesimama mwanamke. Niliona wivu kwamba amesimama mtu. Nilisoma habari za mafundi waliozima mashine zao, nikafurahi hadi mwisho wa ukurasa, nikageuza ukurasa nikakuta nimekasirika. Hiyo "haya" niliing'ang'ania kwa sababu ndicho kitu changu pekee kilichokuwa kimebaki humo ndani.

Umeimba bila mimi, na umeimba vizuri. Hilo ni jambo gumu kuliandika. Nimeliandika.

Habari ya kuja, niache nifikiri.

Mjomba wako


Jumatatu, 14 Julai

Mjomba mpendwa,

Shikamoo. Kwa hiyo ulikuja. Ukaondoka na basi la jioni bila kumuaga mtu, nikabaki nazunguka bandari nzima nikiuliza kama kuna aliyemwona mzee mwenye skafu ya kijivu. Mama amekasirika, anasema koti hulipati tena milele.

Nikwambie kilichotokea upande wangu, kwa sababu nilipokuwa juu ya kreti sikuona vizuri.

Vikundi viwili vya kwanza viliimba, mashua ikatoka majini hadi katikati ya mteremko. Kisha ikakwama. Tumbo lake lilishika pale saruji mpya inapokutana na ya zamani. Kikundi cha tatu kikaimba vizuri kabisa, lile dubwana halikusogea hata kidole. Watu arobaini na sita wakaanza kutazamana. Msimamizi akaja na simu sikioni, akaniambia, "Dada, tumejitahidi. Naita trekta." Nikamwomba wimbo mmoja. Akatazama saa.

Nilipanda, nikavuta pumzi, nikatazama kamba kuanzia mbele hadi nyuma. Wa tisa kutoka mbele ulikuwa wewe. Umevaa glavu za mtu, umeshika kamba, macho chini. Nilitaka kusema, mtoeni huyo, ana miaka sitini na nane, ana shingo mbovu. Badala yake nikaanza kofia ya nahodha.

Ubeti wa kwanza, hakuna kitu. Wa pili, mashua ikalia. Wa tatu ikaruka ile ncha ya saruji kama mtu anayevuka mfereji, na kuanzia hapo haikusimama tena hadi juu. Watu wa bandari nyingine walikuwa hawajui maneno, wanajibu "lete" tu, lakini lilikuwa kubwa hadi vioo vya ofisi vikatetemeka. Nilipomaliza nilikuwa nalia, na hata sikujua.

Ulikuwa unafanya nini kwenye kamba, Mjomba? Viti vya wageni vilikuwepo. Dada alisema alikuacha kwenye kiti.

Mpwa wako,
Cheche


Jumapili, 27 Julai

Cheche, mtoto wa dada yangu,

Marahaba. Niliondoka bila kuaga kwa sababu nilikuwa nimejaa, na daftari lilikuwa limeisha kurasa. Mwambie mama yako nitakuja kumwomba radhi kwa magoti, mradi anisaidie kuinuka.

Ni kweli nilianzia kwenye kiti. Nilikusudia nikae, nisikilize, nirudi. Lakini mashua ilipokwama, nikamwona yule bwana anakuja na simu yake, miguu yangu ikainuka yenyewe. Kijana mmoja alikuwa anapumzisha mikono pembeni, nikamnyooshea kidole glavu zake. Akanipa bila kuuliza.

Kuna kitu sikujua, nami nimekaa kwenye nyimbo hizi maisha yangu yote. Anayeongoza hashiki kamba. Anasimama juu ya pipa au kreti, anaimba, wengine wanavuta. Hivyo miaka yote ile niliusikia wimbo kutoka juu. Siku ile kwa mara ya kwanza niliusikia kutoka ndani. Mstari wako ulifika kwenye mikono kabla ya masikio. Nilifungua kinywa nijibu "lete", haikutoka sauti, na haikupungua chochote. Bwana aliyekuwa nyuma yangu alijibu kwa niaba yake na yangu pia. Kila alipojibu, kamba ilinivuta mimi, nami nikaivuta, na sikuweza kujua nguvu zangu zinaishia wapi na zake zinaanzia wapi.

Kisha ukafika kwenye "haya". Ukaishikilia hesabu mbili, ukaangusha. Wakati ule ule mikono yangu ilikuwa inaanza kuteleza. Ungengoja nne, ngozi ingeondoka. Cheche, miaka ishirini na tisa nimewaunguza watu viganja. Niliporudi kwenye kiti nilimwandikia Mpishi, "Ile haya yangu ilikuwa ndefu?" Akasoma, akatazama pembeni, akasema, "Kidogo." Nikamwandikia, "Kwa nini hamkuniambia?" Akasema, "Ilikuwa nzuri sana, Baragumu. Tulikuwa tunapaka mafuta ya taa jioni."

Wewe uliijua kwa sababu ulishika kamba kwanza ndipo ukapanda juu. Umenizidi, na nimekuwepo kushuhudia kwa mikono yangu mwenyewe. Viganja bado vyekundu. Binti yangu anataka kuvipaka dawa, ninamkatalia.

Baadaye, watu wakiwa bado wanakumbatiana, yule bwana wa nyuma yangu alinifuata kwenye kiti, akaniinamia. Ni mtu wa bandari nyingine, mkubwa, mvi tupu, jasho linamchuruzika. Akasema, "Mzee, niliwahi kusikia wimbo huu nikiwa kijana. Kulikuwa na mtu hapa akiitwa Baragumu. Ulimfahamu?"

Nikatikisa kichwa kwamba ndiyo.

"Wewe nawe uliimba naye?"

Nilitoa daftari. Ukurasa ulikuwa umebaki mmoja. Nikaandika, nikamwonyesha:

"Mimi navuta."

Mjomba wako